Kamba ya Nne ya Ziwa Kisiba

Nyumbani kwetu siku huanza na ng'ombe. Kabla jua halijapanda juu ya milima ya ng'ambo, binti yangu Tusekile huwa amekwisha kufagia zizi, amekata majani na amechemsha maji ya kuoshea chuchu. Mimi nakama, yeye anashika ndoo. Kisha anakunywa uji, anavaa sare, anapitisha maziwa kituo cha kuyakusanyia na kwenda shule. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kazi hizo zilikuwa za mama yake.

Mama yake, Esnath, alifia zahanati ya kijiji chetu akijifungua. Damu ilikuwa haikatiki. Muuguzi alitafuta mshipa kwa tochi ya simu, na simu ikazima. Nje ya zahanati ile kulikuwa na nguzo sita za umeme. Zililetwa mwaka wa kampeni, wagombea wakapiga picha nazo. Nyaya hazikufungwa hata siku moja. Zilifika ghalani, kisha zikapotelea mikononi mwa wakubwa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo halihitaji shule kulielewa. Tangu siku tuliyomzika Esnath na mtoto wetu, kila kilichoitwa cha serikali nilikitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata.

Basi mwaka juzi ukaja mradi wa upepo. Mhandisi wake alikuwa mwanamke kijana, Lilian, mtu wa buti na maneno machache. Alituambia kwamba Ziwa Nyasa lina upepo mwingi unaopita bure, ila maji yake ni marefu mno kwenda chini, huwezi kusimika mnara kwenye tope. Mitambo itabidi ielee, ishikwe kwa kamba. Kabla ya kupeleka mikubwa Nyasa, walitaka kujaribu mdogo katika ziwa letu la Kisiba, kwa sababu nalo ni refu kwenda chini na upepo huingia kupitia pengo la mlima.

"Mtambo ukifanya kazi hapa, zahanati itapata taa na friji ya chanjo," alisema. "Kituo cha maziwa kitapata tangi la kupoozea. Maboya ya mitambo ya Nyasa yatachomelewa Tukuyu mjini, na vijana wa huku watafundishwa kazi hiyo. Ukishindwa, tutahamia kwingine."

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimekwisha kuona nguzo.

Lakini mtambo ulikuja kweli. Waliunganisha jukwaa la chuma juu ya maboya manne, wakasimamisha mlingoti wenye mapanga matatu meupe, wakausukuma hadi katikati ya ziwa. Kamba nne nene za bluu zilitoka kwenye jukwaa hadi kwenye vigingi vya chuma ukingoni, kila upande kigingi kimoja. Mlinzi akawekwa Mzee Mansuri, mwenye kibanda cha sukari na sabuni karibu na ziwa. Nusrat, binti yake, alikaa dawati moja na Tusekile wangu.

Siku ya uzinduzi walikuja wakubwa kwa magari saba. Walihutubia mpaka mchana. Mwishoni Lilian alisogea kwenye kipaza sauti, lakini mwenyekiti wetu wa kijiji akamwahi. "Mhandisi, wageni wana safari ndefu. Hayo mengine utawaeleza wananchi siku nyingine." Hiyo siku nyingine haikufika. Tukala wali, tukaenda makwetu.

Tangi la maziwa likaanza kazi, na taa ikawaka zahanati. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama barabarani nikalia, kisha nikakasirika kwamba nimelia.

Miezi miwili baadaye mtamba wetu alikata kamba. Ilikuwa kamba ya magome ya mgomba, imeoza kwa mvua. Akaingia kwenye mahindi ya jirani, akafanya alichofanya. Nilimfokea Tusekile kama vile yeye ndiye aliyekula mahindi.

"Leo usirudi hapa bila kamba!"

"Baba, nitaitoa wapi?"

"Mimi najua? Una macho, una miguu."

Jioni alirudi na kamba ya bluu, hatua kama kumi, mpya, nene. Niliishika. Nikaijua papo hapo, na yeye alijua kwamba nimeijua.

"Umeitoa wapi?"

"Ziwani, Baba. Ile ya upande wa kusini haifanyi kazi. Zile tatu zimekaza, hiyo ya nne imelala tu kwenye majani, imejikunja kama nyoka amekufa. Nimekata ile iliyozidi, nikaifunga tena kwenye kigingi vizuri. Haionekani hata kidogo."

Hapo nilipaswa kusema neno. Badala yake nilisema, "Ya serikali si ya mtu. Wao wamekula nyaya, sisi tumekata kamba." Nikaenda kumfunga mtamba. Kamba ilikuwa nzuri sana, haikuwasha mkono.

Miezi yote ile upepo ulitoka kaskazini, ukaja kidogo kidogo. Mwezi wa tisa, Jumanne moja saa nne asubuhi, upepo wa Nyasa ukapanda ghafla kupitia pengo la kusini. Nilikuwa shambani. Migomba ililala kama watu wanaosujudu. Nikasikia mlio wa chuma, kisha watu wakipiga yowe kule ziwani.

Nilipofika, jukwaa lilikuwa limekwisha kugonga mwamba. Panga moja limevunjika, jingine limezama. Ukingoni, kwenye kigingi cha kusini, Mzee Mansuri amekaa chini akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Aliona kamba ikichomoka, akaikimbilia, akajaribu kuizungusha kwenye kigingi. Ziwa likavuta. Kamba ilimbana mkono na kigingi. Vidole vitatu vilikuwa havipo.

Tulimfunga kwa kanga ya mama mmoja, tukamweka kwenye bodaboda katikati ya dereva na kijana mwingine, wakampeleka hospitali Makandana. Njia nzima, walisema, alikuwa akiuliza swali moja: "Jukwaa limepona?"

Jioni ile zahanati ilirudi gizani. Kituoni maziwa yaliganda, akina mama wakayamwaga mtaroni.

Kesho yake Lilian alikuja na mwenzake, wakaivuta kamba ya nne kutoka majini. Ncha yake ilikuwa imekatwa kwa kisu, safi. Tena ilikuwa pungufu. Mwenyekiti hakusubiri hata watu wakae.

"Jamani, kamba inalindwa na nani? Na mwenye duka ni nani? Hapo kuna swali gani tena? Mansuri ameuza kamba, kisha ameumizwa na dhambi yake mwenyewe."

"Mwenyekiti," akasema mzee mmoja, "mtu amepoteza vidole akiizuia."

"Alikuwa anaficha ushahidi! Hawa watu wa biashara mimi nawajua. Tumeandika barua polisi. Ijumaa watamfuata hukohuko kitandani."

Lilian alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema polepole kwamba ripoti yake inaondoka Ijumaa hiyohiyo. "Chuma kikishindwa, tunatengeneza kingine. Lakini kama kijiji chenyewe kinakata kamba, wakubwa wangu hawataleta kingine hapa. Na kuhusu Nyasa wataona nini? Wataona kwamba huku haiwezekani."

Nilirudi nyumbani nikimlaani mwenyekiti. Kumlaani mwenyekiti ni kazi rahisi, naijua vizuri. Nilimaliza njia nzima bila kufikiria kitu kingine.

Yaliyotokea shuleni niliyapata baadaye. Kijana mmoja wa darasa lao, Jairo, alimsubiri Nusrat mlangoni.

"Mwambie baba yako aturudishie taa yetu!"

"Baba yangu hajachukua kitu."

"Atashika nini sasa na vidole viwili? Pesa ya kamba ataihesabia wapi?"

Wengine walicheka. Nusrat hakulia. Alichukua daftari zake akahamia dawati la nyuma, peke yake. Tusekile akamfuata.

"Nusrat, mimi nipo na wewe."

"Usikae hapa. Watakusema na wewe."

"Waache waseme."

"Tuse, wewe unaamini Baba ameuza?"

Tusekile aliinamia daftari lake. Nusrat akamgeuzia mgongo. "Basi, hata wewe."

Alhamisi jioni nilikuta sufuria ya mbalaga haijaguswa. Ndizi zimepoa, mafuta yamejishika juu. Tusekile alikuwa zizini, anafungua kamba ya bluu shingoni mwa mtamba.

"Unafanya nini?"

"Naipeleka, Baba. Mhandisi yuko ofisi ya kijiji mpaka saa kumi na mbili."

"Weka chini hiyo kamba."

Hakuiweka. Mtamba alisimama katikati yetu akicheua.

"Wewe mtoto, unajua wanachokifanya watu hawa kwa maskini? Watakufukuza shule. Watanifunga mimi. Mansuri ana ndugu zake, watampigania."

"Hana, Baba. Ana Nusrat."

"Wakubwa wamekula nguzo na nyaya, hakuna aliyefungwa. Leo tufungwe sisi kwa hatua kumi za kamba? Nimekwambia, ya serikali si ya mtu."

Alinitazama. Ana macho ya mama yake, mtoto huyu, na siku zile nilikuwa nayakwepa.

"Baba, wale waliochukua nyaya za zahanati. Unafikiri wao walisema nini siku wanachukua?"

Niliinama nikaokota ndoo.

"Si walisema hivyohivyo? Walisema ni ya serikali, si ya mtu. Mama akafa."

Nimepigwa katika maisha yangu, na watu na njaa. Sijawahi kupigwa vile. Nilishika nguzo ya zizi mpaka mkono ukafa ganzi. Miaka mitatu nilikuwa nikiwatafuta waliomuua Esnath kwenye magari ya wakubwa, na kumbe maneno yao nilikuwa nayo mdomoni, nikimfundishia mtoto wake.

Nilichukua kamba mabegani mwake, nikaiweka mabegani mwangu. "Tangulia," nikamwambia.

Ofisini walikuwapo mwenyekiti, mwalimu Obed wa shule yao, Lilian na wazee wachache. Tusekile alisimama mbele ya meza.

"Shikamooni. Mzee Mansuri hajaiba. Kamba nimekata mimi."

Mwenyekiti aliruka. "Nani amekutuma? Mansuri ndiye amekutuma?"

"Mwache aseme," akasema Lilian.

Akasema yote. Jinsi kamba ilivyokuwa imelegea, akadhani haina kazi. Jinsi alivyokata iliyozidi kwa kisu cha majani, kisha akafunga ncha kwenye kigingi.

"Ulifunga fundo gani?" Lilian aliuliza.

"La ng'ombe."

"Nionyeshe."

Kwetu fundo la ng'ombe hata mtoto wa miaka mitano analijua. Linashika vizuri mnyama akivuta, lakini lina kitanzi pembeni. Ng'ombe akianguka au akijinyonga, unavuta kitanzi mara moja, fundo lote linafunguka. Tusekile alilifunga kwenye mguu wa meza. Lilian akavuta kamba moja kwa moja, ikashika. Kisha akaitikisa kulia na kushoto, kama mawimbi yanavyofanya. Mara ya sita au ya saba kitanzi kikateleza, na kamba ikaanguka sakafuni.

Aliinama akaiokota.

"Nailoni ni laini," Lilian akasema taratibu. "Na maji hayavuti kama ng'ombe. Sikiliza, mdogo wangu. Ile kamba haikuwa imelala. Upepo ukitoka kaskazini, kamba ya kaskazini na mbili za pembeni ndizo zinafanya kazi, ya kusini inalegea. Upepo ukigeuka, hiyo ndiyo inashika kila kitu. Na ule urefu uliouona umezidi ni wa kuliacha jukwaa licheze, kamba isikatike kwa mshtuko. Ulipoifupisha, mzigo wote uliiangukia kwa mara moja."

"Sikujua," Tusekile akanong'ona.

"Hukujua kazi yake. Lakini kwamba si yako, ulijua?"

"Nilijua."

Mwenyekiti alipiga meza. "Huyu afukuzwe shule! Mwalimu, andika! Amekitia hasara kijiji kizima!"

Ndipo nikasogea. Sina ufundi wa kuzungumza mbele ya watu, na sauti ilitoka kama ya ugomvi.

"Kamba hii ilikaa shingoni mwa mtamba wangu. Niliijua tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemtuma kamba bila kumpa hela, na mimi ndiye niliyemwambia ya serikali si ya mtu. Kama kuna mwizi, andika jina langu, Andongwisye. Lakini na mimi nikuulize, Mwenyekiti. Katika kijiji hiki kuna mtu gani aliyeambiwa kazi ya kamba ya nne?"

Mwenyekiti alimtazama Lilian. Lilian naye akamtazama.

"Siku ya uzinduzi niliomba nusu saa ya kuwaeleza wananchi," akasema Lilian. "Niliambiwa wageni wana safari. Nimeomba tena mara tatu. Na barua ya kuomba mlinzi wa pili ipo kwenye jalada lako hapo nyuma."

Mwenyekiti akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Barua ya polisi haikuondoka. Mwalimu Obed aliichana mwenyewe, akasema Tusekile atabaki shule, ila Jumatatu atasimama mstarini na kusema mbele ya wote aliyoyasema pale.

Alisema. Nilisimama uani mwa shule nikasikiliza. Alipomaliza, Nusrat alitoka kwenye mstari akaenda zake darasani bila kumtazama. Jairo hakucheka.

Tulimfuata Mzee Mansuri hospitali. Tulipiga magoti kando ya kitanda, mimi na mtoto. Alitusikiliza hadi mwisho, akageukia ukutani. "Ndaga," akasema, neno la kwetu la ahsante na la pole pia. Sikujua ametupa lipi.

Ripoti ya Lilian iliandikwa kweli tupu, na jibu lilichukua wiki nyingi. Mradi ungerudi kwa masharti: walinzi wawili, kijiji kichimbe chenyewe mashimo ya vigingi vipya, na kila kaya ifundishwe namna jukwaa linavyosimama. Nilichimba tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Asubuhi nilichimba mashimo, mchana nililima shamba la Mansuri, kwa sababu jembe lilikuwa limemshinda. Hakunikataza, wala hakunikaribisha. Tusekile alimchotea maji na kumpangia bidhaa kibandani.

Mwezi wa nne taa ikawaka tena zahanati. Tangi la maziwa likaanza kuunguruma tena. Karakana moja ya Tukuyu ilipewa kazi ya kuchomelea maboya ya Nyasa, na vijana wanne wakaitwa kufundishwa. Watatu wa kwanza kwenye orodha ni watoto wa mnajua-nani. Wa nne ni wa kwetu, mtoto wa mjane. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Siku ya kuwasha alikaa kiti cha mbele akapigiwa makofi. Mimi hayo sijayasamehe, wala siwaambii ninyi wasomaji myasamehe. Yaulizeni mkiwa wakubwa, kwa sauti.

Mwezi uleule mwalimu Obed alimwalika Mzee Mansuri darasani kwao, sasa darasa la saba. Alisimama ubaoni, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Tusekile alikuwa dawati la tatu, na Nusrat alikuwa amerudi kukaa pembeni yake. Kurudi huko kulichukua miezi sita. Mimi nilikuwa dirishani, nimeleta kuni za jikoni.

Tusekile akainua mkono. "Mzee Mansuri, umenisamehe?"

Mzee aliutoa mkono mfukoni, akauacha uonekane.

"Mimi nimekusamehe, mjukuu wangu. Ulisema kweli siku ambayo uongo ungekufaa zaidi, na kweli hiyo iliniokoa nisiitwe mwizi mpaka kufa. Lakini kufunga kifungo cha shati siwezi tena, na msamaha wangu hauwezi kunisaidia hapo. Kweli ikichelewa inafanya kazi, ila haifanyi yote."

Akazunguka darasa kwa macho, akafika dirishani, akanikuta.

"Watu wazima tumewafundisha kwamba cha wote hakina mwenyewe. Ni uongo. Kina mwenyewe, na ni yule atakayeumia siku kikikosekana. Humjui leo. Anaweza kuwa mgonjwa zahanati, anaweza kuwa mama yako. Kabla hujakikata, jiulize ni nani."

Kisha akaurudisha mkono mfukoni na kumwomba Nusrat amsaidie kufungua mlango.